Kiingereza cha Kutudunisha

Siku niliyoitwa "mediocre" kwa mara ya kwanza, aliyeniita alikuwa amekalia kiti changu, anakunywa chai yangu, na mkononi ameshika mkate niliompakia siagi mimi mwenyewe. Alichukua sketi niliyotoka kuimaliza, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye pindo, kisha akalitamka neno hilo polepole huku anatabasamu, kama mtu anayekubariki. Nikamwambia asante. Nilihisi limekaa vibaya lakini sikujua ni vibaya kiasi gani, kwa hivyo alipoondoka nilimuuliza mteja wangu mmoja, karani wa mjini, naye akacheka mpaka akaegemea cherehani. Akanieleza kwamba maana yake mimi si fundi mbaya, ila hakuna atakayenikumbuka.

Huyo ndiye Sekretari. Jina lake la kitambulisho nalijua, lakini halina kazi hapa. Hata mchungaji alipomwombea kanisani alisema Ee Bwana, mkumbuke Sekretari wetu, na nadhani Bwana alielewa ni nani. Alikuwa amestaafu zamani kutoka ofisi kubwa ya mjini, ambako alichapa barua za wakubwa mpaka vidole vikapinda. Mimi nashona nguo barazani kwangu, mlango unaopakana na wake, katika zile nyumba za zamani za safu nyuma ya Barabara ya Jogoo, ambapo kamba za nguo zinapita katikati na kila mtu anajua chupi ya nani imechakaa. Taarifa ya habari ya saa saba ikiisha, alikuja kukaa nami. Sikumwalika hata siku moja, na siku asipokuja nilichungulia kuona kama mlango wake umefunguliwa.

Niwaambie mapema kwamba Kiingereza chake kilimgharimu mtoto. Mtoto hakufa, Mungu apishie mbali. Yuko mzima, ana saluni yake Donholm, na angetaka angefika kwa mama yake kabla chai haijapoa. Ni binti, wa pekee, na hakuwa amekanyaga nyumba ile tangu siku ya wakwe, ambayo nitaifikia. Alichokitaka binti huyo kilikuwa kidogo mpaka natahayari kukitaja: asikie mama yake akimsifu mara moja tu, kwa neno moja, kwa lugha yoyote. Sisi majirani tulingoja pamoja naye. Tulingoja sana.

Maneno yenyewe aliyaokota kazini. Wakubwa wake hawakuwa watu wa kupiga kelele. Mtu akikosea, mkubwa alifunga mlango, akamwita Sekretari, akawa anasema huku anatazama dirishani, naye anachapa: kwamba fulani ni "indolent", yaani mvivu, lakini mvivu aliyevaa tai, kwamba kazi yake ni "substandard", haijafika hata pale kazi zinapoanzia, kwamba mwenendo wake ni "deplorable", wa kusikitisha ukoo mzima. Aliniambia aliwahi kumwona mwanamume mtu mzima, baba wa watoto, akisoma barua ya namna hiyo pale kwenye ngazi, akaikunja vizuri, akarudi juu kumshukuru mkubwa. Jambo hilo lilimwingia moyoni likakaa. Siku aliyonisimulia alikuwa amenyooka kitini kana kwamba bado yuko ofisini.

"Kwa Kiswahili unatukana mtu mpaka majirani wanatoka nje," alisema. "Kwa Kiingereza unamwondoa mtu kazini na bado anakwambia thank you."

Na kwa kweli sikuwahi kumsikia akimtukana mtu kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili alikuwa shosho, bibi wa kila mtu: umekula, mtoto amepona kikohozi, hebu sogea kivulini mwanangu. Sekretari alimwita mlinzi wetu wa geti "indolent" kila asubuhi, na kila mchana akampelekea sahani ya githeri ya mahindi na maharagwe iliyofunikwa kwa sahani nyingine isipoe. Maskini yule mlinzi alishindwa kujua amchukie saa ngapi. Mimi mwenyewe nilipougua malaria, alinikorogea uji, akanifulia shuka, akanifunika, halafu akasimama mlangoni akaiambia nyumba yangu kwamba ni "squalid". Nilipopata nguvu za kushika simu nilitafuta maana yake, chafu ya kutia kinyaa, homa ikapanda upya.

Vijana wa kwenye kona, wale wanaoegemea ukuta mpaka ukuta umebadilika rangi, walimwelewa haraka kuliko sisi wenye vyeti vya kanisa. Waliacha kukasirika. Wakawa wanakuja kwake makusudi kupewa majina, kama watu wanaokwenda kubatizwa, naye akawatazama juu mpaka chini na kuwagawia. Ndiyo maana kwetu utasikia mtu akisalimiwa, niaje Deplorable, naye anajibu, fiti sana Inferior, na wote wanacheka. Mmoja wao alinunua pikipiki akaandika "Abysmal", yaani mbovu kupindukia, nyuma kwa herufi nyekundu, akadai wasichana wanamsimamisha kuuliza. Sekretari alitoka na miwani yake kwenda kukagua. Alisema neno limemfaa, ila mchoraji hana mkono.

Na msidhani mwenyewe alikuwa malaika. Chapati zake zilitaka meno ya mtu mwenye bima. Saa yake ya ukutani ilikuwa imesimama tangu sijui lini, na nilipomtajia saa ya kweli aliniambia saa yangu ni "unreliable", haiaminiki. Kanisani alianza wimbo kabla ya kwaya na kuumaliza baada yao, halafu akatoka nje akiwasikitikia. Ungempa zawadi, angeipokea kwa mikono miwili, angekushukuru kwa Kiswahili kizuri kabisa, halafu angeinamisha kichwa kidogo upande akilitafuta neno. Ulikuwa unaliona linakuja. Mimi nilikuwa najishughulisha na uzi nisimtazame usoni.

Sasa nije kwenye chama chetu, maana hapo ndipo sisi wenyewe tulipojitia ujinga. Kila mwezi wanawake wa safu yetu hukutana nyumbani kwa mmoja, anapika, tunakula, na kwetu watu hawaondoki nyumbani kwa mtu mpaka mmoja asimame kutoa shukrani kwa niaba ya wote. Tulitaka shukrani zetu ziwe za Kiingereza, kama za mikutano ya maana. Kwa hivyo tukampa Sekretari. Sidhani kuna kina mama wengine popote walioamua kwa kura kumpa kazi ya kushukuru mtu ambaye hajawahi kusifu kitu. Akasimama, akarekebisha kitambaa cha kichwa, akafunga mikono mbele, na kwa sauti tamu ya mtu anayesoma Injili akasema kwamba mchuzi ulikuwa na nia njema lakini ulikuwa "insipid", yaani ulimi umeupitia bila kugundua. Kwamba wali ulikuwa "regrettable", wa kujutiwa. Na kwamba mapazia ni "gaudy", yanapiga kelele kuliko watoto. Tukapiga makofi. Mwenye nyumba akafuta machozi ya furaha kwa ncha ya leso.

Ukweli tuliujua baadaye, maana watoto wetu wanasoma na mdomo wa mtoto hauna breki. Tukakutana kumjadili, tukakasirika, tukanywa chai, na mwisho wa yote hatukumwondoa. Chama cha safu ya pili hakikuwa na mtu wa Kiingereza. Tuliona heri kutukanwa kwa heshima kuliko kushukuriwa kawaida kama watu wa safu ya pili, na huo ndio ukweli wetu, hata kama hautupambi.

Basi, siku ya wakwe. Binti alikuwa amepata mchumba, dereva mpole wa huko Ukambani, na wazee wa upande wake wakaja rasmi kuleta posa. Binti aliamka alfajiri akapika kila kitu mwenyewe. Mimi nilikata vitunguu tu, na hata hivyo akarudia kuvikata. Mnajua siku kama hiyo ilivyo. Upande wa msichana unamsifu mtoto wao mpaka paa linainuka, hata kama jana walikuwa wanamfukuza na mwiko, ili wakwe wajue wanachukua nini. Mjomba wa binti alikuwa ameshavaa koti na kukohoa tayari kuanza. Sekretari akamwekea mkono begani akamkalisha, akasimama yeye.

Akazungumza Kiingereza, wageni waone wamekuja kwa watu waliosoma. Akasema binti yake shuleni alikuwa "mediocre". Akasema mapishi yake ni "indifferent", yaani ukila umekula, usipokula hujakosa. Akasema tabia yake haijafika pale mzazi angependa, ila anaamini kijana mwenyewe hana macho makali, kwa hivyo watapatana. Alisema yote hayo kwa tabasamu lile lile la kwenye chama. Labda alidhani hawataelewa, labda alidhani wataelewa na kumwona mnyenyekevu. Nimefikiri sana na sijapata jibu, na yeye sikumuuliza kwa sababu nilijua jibu litakuja kwa Kiingereza.

Msiba ni kwamba baba mdogo wa kijana alikuwa amefanya kazi ya ukalimani mahakamani mpaka akastaafu. Mzee yule aliposikia Kiingereza kimesimama, kazi ikamrudia. Akainuka bila kuombwa, akaunganisha mikono nyuma, akaanza kuwatafsiria wenzake, sentensi kwa sentensi, hapunguzi wala hatii chumvi, kama mtu aliye chini ya kiapo. Nilitamani sakafu ipasuke. Alipomaliza alikaa, na hapo ndipo alipogundua alichofanya, nikamwona anafuta kipara. Kisha mzee mmoja mwenye fimbo akasema, kwa upole kabisa, kwamba kama mama mzazi ndiye amesema mzigo una kasoro, basi si haki mbuzi wa mahari wabaki walewale. Wageni wakacheka, wajomba zetu wakacheka kwa aibu, na mbuzi wakapunguzwa kweli.

Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la pilau mikononi. Alikuwa amesikia mara mbili, kwa Kiingereza na kwa tafsiri. Aliliweka sinia mezani bila kumwaga punje, akawanawisha wageni mikono mmoja mmoja kama inavyopasa, na alipofika kwa mama yake akamwambia kwa sauti ya chini, "Ungeniambia mimi, Mama. Si ungeniambia mimi tu." Sekretari akanawa mikono. Aliolewa binti, akazaa, akafungua saluni, na mlango ule hakuuingia tena.

Ila mtoto wa watu hakumtupa mama yake. Kila mwisho wa mwezi alileta sukari, unga, mafuta ya kupikia na dawa za presha, akaviacha kwangu, na mimi nikavipeleka nyumba ya pili. Sekretari alikuwa anafungua mfuko, anatoa kimoja kimoja, anahukumu. Unga "coarse", una chenga. Mafuta "inferior", duni. Sukari aliionja kwa kidole, akakosa la kusema, akakasirika. Halafu alivipanga vyote kabatini vizuri, lebo zikitazama mbele, na alivitumia mpaka akakung'uta mifuko.

Nilichoka kuwa tarishi wa watu wawili wenye midomo. Mwezi mmoja nikaona nitumie akili. Nikaenda saluni kwake, nikamwambia binti kwamba mama yake ameisifu sana sukari, amesema ni nzuri. Binti aliacha kuchana nywele za mteja akanitazama kwenye kioo. Akaniuliza mama yake alitumia neno gani hasa. Nikakwama pale kama mwizi wa kuku. Akaniambia, bila hasira, "Dada, usinidanganye. Mama hana neno hilo." Nilirudi na mfuko wangu mtupu nikiwa na haya mpaka masikioni.

Siku hiyohiyo nikamvaa Sekretari mwenyewe. Nilimuuliza inamgharimu nini kumsifu mtoto, meno yatamtoka au nini. Hakukasirika. Alinieleza kwa subira, kama anayefundisha mtoto mzito, kwamba mtu ukimsifu anakaa, ukimkosoa anatembea. Nimtazame binti, si ana saluni, si ana wafanyakazi, nilidhani vilitoka wapi. Yaani alikuwa amejihesabia saluni ya mwanawe kama kazi ya mikono yake. Nilikuwa na pasi ya moto mkononi, na nawaambia ukweli, niliitazama pasi, nikamtazama yeye, nikaiweka chini. Akamaliza chai yangu akasema ilikuwa "lukewarm", vuguvugu.

Mwaka huu akateleza bombani akavunja nyonga. Hospitali walifanya walichoweza, wakamrudisha nyumbani alale, na daktari alituambia sisi majirani, kwa lugha rahisi, tusimwache peke yake na tusitegemee atembee. Akakonda haraka. Kilichonitisha zaidi ni kwamba alipunguza maneno. Mlinzi wa geti alikuja kumwona na kikapu cha ndizi, na Sekretari akamshukuru tu. Mlinzi alitoka nje akaniambia Mama anakufa. Nikampigia binti simu.

Alikuja Jumapili baada ya kanisa, na mkoba wake wa saluni begani. Alimsalimia mama yake kwa kuinama, akauliza maji ya moto yako wapi, akatandika taulo. Mimi nilimshikilia bibi yule mabega ili akae, binti akamwosha nywele ndani ya beseni, akazikausha, akazipaka mafuta, akaanza kumsuka, mistari midogo midogo iliyonyooka. Jua la mchana liliingia dirishani na redio ya jirani ilikuwa inapiga kwaya. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyegombana. Nilianza kuwaza kwamba labda leo ndiyo siku.

Alipomaliza alichukua kioo kidogo mkobani akampa mama yake. Sekretari akajitazama. Akageuza kichwa huku, akageuza kule. Binti alikuwa amesimama nyuma yake na chanuo mkononi, anangoja. Mwanamke mwenye watoto na wafanyakazi, anangoja kama yuko darasa la kwanza. Nilimwombea Sekretari alipate neno. Niliomba kweli, macho wazi.

"Nyuma umekaza," alisema Sekretari.

Damu ilinipanda. Nikamwambia Mama, leo hapana, leo utamwambia huyu mtoto kitu kizuri, na mimi sitoki hapa. Alinitazama kwa mshangao, kisha akaangalia kioo tena, na sauti iliyotoka haikuwa ya chama wala ya wakwe.

"Sikuyachapa hayo," alisema. "Miaka yote ile hakuna aliyeniita ndani akafunga mlango akaniambia chapa kwamba fulani ni mzuri."

Nikamwambia basi aseme kwa Kiswahili, Kiswahili kimejaa.

"Kiswahili namwambia kila mtu," akasema. "Hata mlinzi."

Binti akawa anafuta chanuo kwa ncha ya taulo ingawa lilikuwa safi. Halafu yule bibi, bila kugeuka, akamuuliza mwanawe kupitia kile kioo: "Na mimi? Mimi nilikuwaje?"

Nikamwona binti analitafuta neno, na jinsi alivyolitafuta, kichwa kimeinama kidogo upande na macho dirishani, nilijua ni mtoto wa nani.

"Tolerable," alisema. Mtu anayevumilika.

Sekretari akalichukua neno hilo, akakaa nalo, akalipima. Nilidhani atalia, nikajiandaa kumshika.

"Usinipendelee," alisema, kwa Kiswahili.

Binti akacheka. Akaweka chanuo chini, akafumua mistari ya nyuma iliyokazwa, akaanza kuisuka upya, polepole, na mama yake akainamisha kichwa mwanawe apate kuifikia. Mimi nikasema naenda kuanua nguo. Nilikuwa nalia, na sikutaka mmoja wao anitafutie neno.